Mkono Umefika, Ulimi Haujafika

Mpendwa Shangazi Katunge,

Naomba msaada wako, na tafadhali usiniambie niombe tu, kwa maana kanisani wameshamwekea mtoto mikono na mimi nimefunga, na bado tuko pale pale.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Kikima, mume wangu aliaga dunia, nikaanza kusuka vyondo na kuuza viazi mpaka nikanunua mashine ya kusaga unga, yangu mwenyewe, hakuna mtu alinichangia hata boliti, na watoto nimewalelea hapo hapo kwa mashine, kwanza mgongoni halafu juu ya magunia, kwa sababu wakati huo sikuwa na mtu wa kumwachia. Mdogo ni Syokau, ana miaka sita, na huyo mtoto, Shangazi, ana mapenzi mpaka nikiongea na mteja ananishika kidevu anigeuze uso nimtazame yeye, na kazi yoyote ukimwonyesha kwa mkono anaishika mara moja, lakini maneno hayatoki sawa. Sukari ni tukali, na nyanyake, ambaye sisi humwita Susu, yeye amemfanya Tutu. Katika maneno kumi mgeni akishika manne amejitahidi, mimi nashika nane, na kakake Kiilu anashika yote kumi, ndiye mkalimani wetu, mtoto akifungua mdomo kila mtu anamgeukia Kiilu.

Sasa sikia kilichoniudhi. Mwezi jana nilimpeleka aandikwe darasa la kwanza litakaloanza Januari. Mwalimu mkuu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, kile kipimo cha umri wa kuanza shule, akalishika vizuri kabisa, na kuna watoto walikubaliwa hapo vidole vikiwa bado njiani. Halafu mwalimu akainamia karatasi zake akauliza, "Unaitwa nani?" Kimya. Akauliza tena. Mtoto ananiangalia mimi. Nikamwambia, "Sema jina lako," naye akasema, "Tokau Mutie," na watoto waliosimama mlangoni wakaangua kicheko.

"Mama, mkono umefika," mwalimu akasema, "lakini ulimi haujafika. Mrudishe mwaka ujao."

"Mwalimu, huyu anajua kuhesabu madebe kunishinda mimi."

"Atamhesabia nani, kama haeleweki?"

Kufika nyumbani, mama mkwe, huyo huyo Susu, alikuwa ananingoja. "Si nilikuambia? Mtoto aliyelelewa na mashine ataongea kama mashine. Nipe nimpeleke kwa mzee Kisilu akatwe huo uzi wa chini ya ulimi."

Nikamwambia, "Mama, unga wako nausaga bure kwa hiyo mashine, na sijasikia ukisema una ladha ya mashine." Akaninunia siku mbili.

Lakini ukweli ni kwamba nimeanza kuyumba, kwa sababu Januari inakuja mbio na mtoto mwenyewe siku hizi watu wakija ananyamaza, anajificha nyuma ya leso yangu, na mara nyingine naona ni ukaidi pia, namwita akiwa amenipa mgongo na hageuki mpaka nimguse. Masikio yake hutoa maji maji tangu akiwa mchanga, lakini tuliambiwa hayo ni mambo ya kuota meno, namtilia mafuta ya kuku yanakauka. Sasa niambie, nimpeleke akatwe, ama nimweke nyumbani mwaka mwingine?

Mama Syokau, Kikima

Mama Syokau,

Umeuliza maswali mawili, na yote nakujibu hapana.

Nimeisoma barua yako na kalamu mkononi, nikipiga mstari pale wewe ulipopita mbio. Mtoto akiitwa kutoka nyuma hageuki. Mwalimu akiuliza huku ameinama, hajibu. Wewe ukimwambia mkitazamana, anajibu. Kazi ya kuonyeshwa kwa mkono anaishika. Masikio yanatoa maji. Na hicho kidevu chako anakishika kwa mapenzi, sikatai, lakini pia anautafuta mdomo wako auone unavyosema. Wewe unayejua gunia limepunjwa kwa kuliinua tu, hesabu hii ilikupita vipi? Mwalimu alipima kama mkono unafika sikioni. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kama sikio lenyewe linasikia.

Mimi si daktari, na naweza kukosea. Lakini mtoto husema anavyosikia, na kando ya injini inayonguruma hata mtu mzima mwenye masikio mazima hupoteza nusu ya maneno. Usijilaumu kwa hilo, mashine ndiyo inawalisha. Ila huo ukaidi ulioutaja, ufute kabisa, na kama umewahi kumchapa kwa sababu yake, usirudie. Kuhusu kisu, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba ulimi unaoweza kusema Tutu na tukali unainuka vizuri, hauna kamba ya kukatwa.

Mafuta ya kuku acha leo, usimtilie kitu chochote. Wiki hii funga mashine, hata kama ni siku ya soko, umpeleke hospitali ya wilaya, na useme wazi: masikio yanatoa maji tangu akiwa mchanga, nashuku hasikii, naomba yaangaliwe na kusikia kwake kupimwe. Wakikutuma Nairobi, nenda Nairobi.

Mchana mtoto akae na nyanyake, ambaye ana sauti na ana nafasi, na akipewa kazi atapunguza maneno. Jioni kukiwa kumetulia, keti mtazamane, uongee naye polepole. Akisema tukali, usimcheke wala usimlazimishe arudie. Wewe jibu tu, "Haya, sukari, nakuletea sukari," na mambo yaendelee. Kiilu ni kijana mwema, lakini ukalimani mwachishe; mtu anayetaka kujua Syokau anasema nini amwinamie Syokau mwenyewe.

Na shule asikose. Mwaka mzima juu ya magunia hautamfundisha kutamka chochote. Rudi kwa mwalimu na barua ya daktari, umwambie mtoto akae mbele kabisa na aulizwe akiwa ametazamwa usoni. Huendi kuomba hisani, mama. Usitoke katika shule hiyo kabla hujaonyeshwa dawati lake.

Shangazi Katunge