Umethibitisha Ukiwa Wapi?

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Kile kikohozi kimekuachia? Huku mguu wa Mama umeanza kupungua uvimbe. Mimi sina ugonjwa, ila hasira zimenifika kooni, na aliyezileta ni wewe.

Nakuandikia kwenye karatasi makusudi. Karatasi haina kitufe cha kusambaza, na wewe ukinyang'anywa kitufe hicho ni mtu mwenye akili zake.

Unaikumbuka picha uliyotuma kwenye kundi la ukoo? Mwanamume ameinama getini, anawagawia watoto pipi, juu yake pameandikwa kuwa ni mwizi wa watoto. Chini ukaongeza neno lako: "Nimethibitisha." Umethibitisha ukiwa wapi, msomi wetu? Kwenye kochi, ng'ambo, miguu juu ya meza?

Yule ni fundi wetu wa kutengeneza cherehani, anayepita nyumba kwa nyumba. Kabla ya kufungua mashine huwapa watoto pipi wakacheze nje, maana springi ni ndogo na ikiokotwa na mtoto hairudi. Wewe mwenyewe ulizila pipi hizo mpaka meno yakaoza. Leo amevaa kofia tu, umeshamsahau.

Kwa kuwa neno limetoka kwako, hakuna aliyeuliza. Mjomba, ambaye hata bei ya nyanya hubisha, alilimeza zima zima akalipeleka kwa wastaafu wenzake. Shangazi akaweka vikaragosi vinavyolia. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za ukoo wetu nadhani zimenyolewa.

Jumanne fundi alikuja kubadilisha mkanda wa mashine. Mlangoni hakufika. Vijana wa mtaa walimzingira, simu mkononi, wanalinganisha uso wake na ile picha. "Ndiye huyu! Ndiye!" Mama akatoka mbio, futi ya kupimia ingali shingoni, akajitupa juu yake. "Nipigeni mimi kwanza! Huyu ni fundi wangu!" Ndipo alipoumia mguu.

Roho ya mtu ilipona. Mkono wa kulia wa fundi walikuwa wameshauvunja. Daktari anasema mfupa utaunga, lakini vidole viwili havitashika tena sindano. Wewe kazi yako unaifanya kwa kidole gumba, basi huenda usielewe hasara hiyo.

Ulipopata habari ulifanya nini? Ulifuta kimyakimya, ukatutumia salamu za asubuhi zenye maua. Nimeona aibu kwa niaba yako. Kufuta si kukanusha. Picha bado inazunguka mitaa mingine, na fundi anaogopa kurudi kwake. Analala chumbani kwako, kwenye kitanda chako.

Sikuombi pesa wala machozi. Andika, kwa jina lako, kwamba hukuthibitisha chochote, na umsihi kila aliyeisambaza picha ayasambaze na maneno hayo. Mjomba niachie mimi.

Msalimie wifi, mwambie zile picha za watoto tulizipata na wamekua kweli. Shangazi anakusalimu. Mjomba angekusalimu, nimemnyima nafasi. Mungu akulinde na maradhi, na sisi atulinde na haraka zako.

Mama naye anakusalimu sana, kwa sababu hana simu ya mambo hayo na hajui ni nani aliyeandika neno lile. Kila asubuhi akimnawisha fundi uso, huomba kwa sauti kwamba mtu huyo asipate raha, yeye na watoto wake. Fundi huitikia "amina." Mimi husimama mlangoni na beseni, nikiomba dua hiyo isipokelewe, maana wajukuu wa Mama nawajua kwa majina. Mpigie Mama, umwambie mwenyewe.

Akupendaye kwa shida wiki hii, lakini akupendaye,
Dada yako.