Mume Wangu Amemwagilia Viazi Hadi Pasaka

Mama Zenebech mpendwa, kila Jumamosi nakusikiliza redioni nikikaanga kahawa, leo zamu ya kulia ni yangu, naomba uniokoe kabla sijatia sahihi ya dole gumba pabaya. Mume wangu Tilahun ni mtu mwema, halewi, hanipigi, ila tangu auze ng'ombe wetu wa maziwa akanunua pampu ya petroli, haniangalii tena mimi, anaangalia pampu. Alisema tumwagilie viazi kiangazi wenzetu wakisubiri mvua, tuvune Kwaresima, watu wamefunga nyama na maziwa, Bahir Dar nzima itapigania viazi, na kweli vilistawi, lakini alimwagilia hata shamba lililolowa, nikimwambia udongo bado una maji ananijibu, "Ulitaka pampu niliyoinunua ikae ukutani kama picha ya mtakatifu?" na petroli ikanywa hadi hela ya unga wa teff. Katikati ya mfungo akaja mchuuzi na lori lake mpaka shambani, akataja bei nzuri, nikatamani nimbusu mkono, Tilahun akamcheka, "Kaka, nenda kanunue mawe. Mimi nauza Pasaka, sikukuu kila kitu kinapanda!" Yule akasema, "Haya kaka, Mungu akufikishe," akageuza lori. Tukaendelea kumwagilia. Pasaka ikafika, Tilahun akapeleka viazi sokoni, punda wakarudi navyo. Vingi vikaoza kwa maji, vilivyosalia havikurudisha hata petroli. Sasa anasema kosa ni udogo wa pampu, anataka tuweke rehani kipande cha shamba cha mtoni alichoniachia marehemu baba, anunue kubwa. Nikikataa ananuna, nikikubali sitalala. Nifanyeje?
Yeshimebet, Merawi.

Yeshimebet mwanangu, pole. Na hongera, umeolewa na mtu wa kwanza Ethiopia nzima kuamini kwamba Mkristo aliyeshindia kunde na kabichi mfungo mzima ataamka Pasaka akiota kiazi. Kuku je? Kondoo je? Siku ile hata padri hakitazami kiazi!

Usiilaumu pampu, maskini, ilifanya kazi yake. Iliwapa viazi wakati wengine hawana kitu, na hiyo ndiyo faida yote ya kumwagilia. Mkaidharau faida, mkaendelea kulipia maji ya kuozesha mali. Pampu kubwa itaozesha haraka zaidi, basi.

Wewe nawe! Lori limesimama, bei imetajwa, unatamani kubusu mkono. Kutamani kunauza kiazi? Jembe ulishika wewe, magugu uling'oa wewe, ila bei ilipotajwa ukawa mgeni. Mdomo ulikuwa umefunga nao?

Sasa sikia. Ardhi ya baba yako haiwekwi rehani, wala jambo hilo msilijadili tena. Pampu mnayo, itumieni kwa akili: chimbua kando ya shina, udongo ukishikamana mkononi, pampu ilale. Siku hizo jirani aikodi, petroli alete mwenyewe. Pandeni mapema, mfungo ukianza viazi viwe tayari, na kabla ya kupanda mkubaliane wote wawili bei ya kuuzia. Lori likiitaja, pakieni.

Tilahun akinuna, mwache anune. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya mwaka huu bila kuwasha petroli.