Mashavu ya Koko

Jumatatu, 2/3
Vidonge nane tena. Koko, mama ya papa yangu, anameza, mimi nahesabu kama sergent. Kwanza bugali, kisha dawa. Chumvi kidogo tu. Docteur alisema askari wa mwili wake wamekosea adui, wanapiga mishipa ya damu ya kichwa, inavimba ndani. Ikifunga, jicho linazimika. Watonton, ndugu za papa, wenye diplome, hawakuelewa. Mimi niliyeachia shule mwaka wa pili wa secondaire, nilielewa palepale. Njo maana kazi ni yangu. Na pia sababu ninalala kwake.
Kichwa hakimuumi tena. Anatafuna nyama! Mwezi wa kwanza hata bugali ilimuuma mataya.

Jumatano, 4/3
Mashavu imejaa. Ni dawa inafanya vile. Koko iko mviringo kama mutoto wa mwaka moja.
Leo kwenye bomba nilisema mbele ya wamama wote: «Muke wangu anameza vidonge vya kunenepesha, vya wasichana wa bar. Anatafuta bwana mwingine!» Wakacheka mpaka bidon zikaanguka. Mimi nikitania, mtaa wote wa Kadutu unasimama. Koko ananiita bwana yake kila siku, basi ni haki yangu.
Koko, aliyekaa pale kando na bidon yake, hakucheka. Labda hakusikia.

Yenga, 8/3
Hakuenda misa ya Jumapili. Yeye, mwimbaji wa chorale! Kitambaa amefunga mpaka kwenye kidevu, kama mwenye jino bovu. Anasema amechoka. Dawa anameza, nahesabu mwenyewe.

Jumanne, 10/3
Asubuhi alimwaga chai kando ya kikombe.
«Koko, chai iko chini.»
«Jicho la kushoto, bwana yangu. Iko kama pazia.»
Maumivu ya kichwa pia yamerudi, tangu juzi. Hakusema. Nikauliza dawa. Kisha akainua godoro. Vidonge vya siku sita, vyote, vimelowa mate na kukauka. Alikuwa anavificha chini ya ulimi. Sergent gani mimi.
«Kwenye chorale wananiita musichana wa bar. Na ni wewe ulianza.»
Nilimufunga na kitenge kwenye mugongo wangu, juu ya pikipiki yangu ya kazi, kama mutoto. Matope mpaka hospitali. Sikupiga honi hata moja. Niliogopa. Ninaandika hivyo: niliogopa sana.

Jumatano, 11/3
Sindano ya mushipa, dawa ileile lakini nguvu sana. Docteur alikasirika: hii dawa haikatwi ghafula, inapunguzwa polepole, miezi na miezi, sababu mwili umesahau kutengeneza ya kwake. Jicho? Haahidi kitu.
Nilimwambia kosa ni langu, ni mimi na mzaha wangu wa bomba. Akaendelea kuandika. Bora angenipiga.
Mangaribi nilienda kwenye bomba, nikawaeleza wale wamama yote: ugonjwa, mishipa, mashavu. Hakuna aliyecheka. Moja akauliza Koko anapenda matunda gani.

Jumamosi, 14/3
Pazia limeinuka nusu. Anaona dirisha. Anaona vidole vyangu, anasema ni vichafu. Wamama watatu wa bomba walikuja na maracuja, tunda analopenda. Wakamwimbia, vibaya. Koko akawarekebisha.

Alhamisi, 19/3
Tumerudi nyumbani. Jicho la kushoto linaona, lakini herufi ndogo hapana. Docteur anasema pengine litabaki vile. La kulia ni zima. Leo, mwishowe, na mimi nimekula kidogo.

Jumatatu, 23/3
Vidonge kumi na mbili. Bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Nahesabu tu. Tangu hospitali sitanii tena.
«We, bwana yangu. Umekufa? Nyumba iko kama ya kilio.»
Nikasema: «Sababu unakoroma kama camion ya mizigo ya Kamituga kwenye matope. Silali.»
Alicheka mpaka mashavu ikafunga macho yote mbili. Akafungua mukono, nikaweka vidonge. Akameza, kimoja kimoja, na maji.
Kisha, bila kuombwa, akafungua mudomo na kuinua ulimi, nione.