Bi Zuhura Ananitembeza Makanisani

(Kutoka daftari langu la Guangzhou. Nimelinakili hapa bloguni kama lilivyo, makosa na yote.)

Jumapili, Novemba 1998

Kumekucha na ubaridi na wingu zito ambalo halinyeshi wala haliondoki. Nami ndivyo nilivyo. Tangu Alhamisi chai yenyewe naimeza kwa kujilazimisha.

Sijui kama mama yangu yu hai.

Ngoja niandike, huenda nikiandika akili itatulia. Alhamisi nilipiga simu Songea kwa kaka yangu Kanisius kuuliza hali ya Mama, ambaye amelazwa Mbinga tangu wiki ya juzi. Akaniambia Mama anaendelea vizuri, amekunywa uji, anazungumza. Nikamshukuru Mungu. Halafu akauliza, "Hapo uko na nani?" Nikamwambia niko na Bi Zuhura, mfanyabiashara mwenzangu wa Unguja ninayelala naye chumba kimoja. Akasema, "Hebu mpe simu nimsalimie."

Kanisius hajapata kumwona Bi Zuhura hata siku moja. Salamu gani hiyo? Bi Zuhura akapokea simu, akanigeuzia mgongo, nikawa namsikia tu, "Ehe. Ehe. Nimekufahamu kaka'angu, usiwe na wasiwasi." Alipoweka mkono wa simu akasema kaka ananisalimu. Mimi niliyekuwa nimetoka kuzungumza naye dakika hiyo hiyo.

Mtu wa kwetu haelezwi maana ya swali lile. Msafiri hapewi habari ya msiba kwenye simu, asije akaanguka ugenini pasipo ndugu. Huulizwa yuko na nani, na huyo aliye naye ndiye anayepewa habari aibebe kimya kimya hadi amfikishe mwenzake nyumbani. Msafiri mwenyewe huambiwa mgonjwa anaendelea vizuri. Shida ni kwamba kuna wakati mgonjwa anaendelea vizuri kweli, na kaka anataka tu kujua kama dada yake hayuko peke yake. Hapo ndipo ninapozunguka siku ya nne leo, kama ng'ombe wa kinu.

Ijumaa Bi Zuhura alikwenda ofisi ya ndege, akarudi na tiketi zimebadilishwa. Tulikuwa tuondoke mwisho wa mwezi, sasa tunaondoka kesho, treni hadi Hong Kong, kisha ndege. Sote wawili. Oda yake ya jeans kule Xintang haijashonwa hata nusu, na mzigo unatakiwa uingie kwenye kontena bandarini Huangpu. Huyu ni mwanamke aliyekaa kiwandani na homa mwaka jana mpaka suruali ya mwisho ikabandikwa lebo. Nilipomuuliza nani ataangalia mzigo, akasema wakala. Bi Zuhura hamwamini wakala hata kumshikia mwavuli.

Leo asubuhi akanisimamia mbele ya kitanda, kamera shingoni. "Mama Beni, vaa viatu. Safari ya tano hii twaja mji huu na hatujui ila maduka ya Huanshi Zhonglu. Leo nakutembeza, ukaone makanisa." Ile kamera kazi yake ni kupiga picha za zipu na mifuko ya suruali, ili laoban, tajiri wa kiwanda, asije akabadilisha sampuli. Sijawahi kumwona akimpiga picha mtu aliye hai.

Kwa nini makanisa, najua. Nilimsimulia mwenyewe. Mama yangu hufagia kanisa la parokia yetu tangu mimi sijaota meno, na katika safari zangu zote ameniagiza kitu kimoja: picha ya kanisa la Wachina, aone nao wanasali wapi. Mara nne nimerudi mikono mitupu, nikamwambia sikupata nafasi. Nafasi ya kwenda Xintang na kurudi mara mbili kwa wiki nilipata. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulianzia kwao, kwenye ule msikiti wa kale ambao watu husema uliasisiwa na Maswahaba. Mnara wake mweupe umesimama peke yake bila nakshi, kama bomba la kiwanda. Bi Zuhura akaingia kusali, nami nikakaa kwenye benchi uani nikiangalia mzee wa Kichina aliyevaa kofia nyeupe akifagia majani. Alifagia kama Mama, kwa kurudi nyuma, asikanyage alipokwisha kufagia. Bi Zuhura alikawia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Kwenye ua ule usingepata vumbi la kujaza kijiko.

Kutoka hapo teksi hadi Shamian, kisiwa cha majumba ya Wazungu wa zamani, miti mikubwa na kivuli kila mahali. Kuna kanisa dogo, zuri, rangi kama ya maziwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama mmoja aliyekuwa akipita akatutikisia kichwa, "mei you, mei you", hakuna, hakuna, neno tunalolisikia madukani kila siku. Nimelisikia mara elfu bila kunidhuru, leo limenichoma. Bi Zuhura akanisimamisha mlangoni hivyo hivyo akanipiga picha, huku maharusi watatu wakipigwa picha zao nyuma yangu. Akaniambia nicheke. Nikacheka.

Niseme jambo ambalo sijapata kulisema. Mwaka jana mimi ndiye niliyepewa simu.

Mama Sada wa Tanga tulikuwa naye hoteli hii hii. Mumewe alifariki ghafla, shemeji yake akapiga, akamuuliza yuko na nani, nami nikapewa simu nimsalimie. Nilimtembeza siku mbili nzima madukani ili asikae akawaza. Akanunua mashati ya mumewe, nami nikamsaidia kuchagua saizi ya kola. Nilimwambia rangi ya bluu itampendeza. Nilidanganya vizuri sana, kila mtu alinisifu baadaye kwamba nina moyo. Waswahili walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Leo ninaujua uchungu wake.

Alasiri tukafika kwenye kanisa kubwa, lile wanaloliita nyumba ya mawe. Sikutegemea. Ni jiwe tupu kuanzia chini hadi ncha za minara miwili, na limebanwa na maduka ya vitu vya plastiki na samaki wakavu. Nilisimama nimeinua shingo mpaka ikauma. Kitu cha kwanza kunijia kichwani ni kwamba Mama angeuliza nani anafagia huko juu.

Mlangoni kuna meza ya rozari. Nikashika mbili, moja nyeupe ya plastiki, moja ya mti. Bi Zuhura, ambaye ana neno juu ya kila bidhaa chini ya jua, hakuuliza hata bei. Nikaamua kumjaribu. Ndiyo, nilimjaribu, Mungu anisamehe. Nikasema, "Hii nitampa Mama. Alhamisi nikifika Mbinga nitamvisha shingoni mwenyewe."

Kisha nikasubiri.

Kila mtu anayemjua Bi Zuhura anajua kwamba huwezi kumwambia habari ya kesho asiitikie inshallah. Ukimwambia basi litakuja, inshallah. Ukimwambia kesho tutakula tambi, inshallah. Mara nyingine husema kabla hujamaliza sentensi, na mimi humtania kwamba siku moja ataitikia hata akiwa usingizini. Nilisubiri pale na rozari mkononi. Akarekebisha mtandio wake, akaangalia vidole vyake, akasema, "Chukua hiyo ya mti, shoga. Itadumu."

Nikachukua ya mti.

Tuliingia ndani. Mlikuwa na wanawake wa Kichina kama ishirini wakisali rozari, na ingawa sikujua neno hata moja, mwendo wa Salamu Maria haufichiki, nikawafuata kwa Kiswahili. Bi Zuhura alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kajikunyata ndani ya buibui lake, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajaingia kanisani. Nikawasha mshumaa. Nikaanza, Ee Bwana mponye mtumishi wako, na ulimi ukagoma. Nikaanza upya. Nikajikuta nasema raha ya milele, sala ya marehemu, na hapo nikajiziba mdomo kwa kiganja, maana sala ile nikiimaliza nitakuwa nimemzika mama yangu kwa mdomo wangu, na huenda wakati ule ule yuko kitandani anaomba uji.

Nimeuacha mshumaa unawaka bila sala. Sikujua la kufanya jingine.

Nje Bi Zuhura akanipiga picha mbele ya minara, akarudi nyuma, akarudi tena nyuma hadi barabarani kati ya mikokoteni, ili kanisa lote lienee. Dereva mmoja akampigia honi, hakujali. Alikuwa anataka lionekane lote, mpaka misalaba.

Sasa tumerudi hotelini, jua halijazama. Nimelala chali na daftari hili, na Bi Zuhura ananipangia begi. Amekataa nisaidie. Amekunja sweta, viatu, zawadi za watoto, vyote vimekwenda chini. Mwisho kabisa amechukua khanga zangu mbili, akazinyoosha kwa kiganja, akaziweka juu, pale ambapo mtu anafungua zipu tu na kujifunga kabla hajashuka garini.

Mama Sada nilimwekea hivyo hivyo.

Kwa hiyo ndiyo. Mama.

Sitamuuliza. Nikimuuliza itabidi aseme, na mbele yetu kuna treni, ndege na barabara nzima ya kusini, na mimi nikianguka ni yeye peke yake wa kuniinua. Amelibeba siku nne, anasali nalo, analala nalo. Amenigeukia sasa hivi akauliza kama nitakula. Nimemwambia nitakula. Nitakula mbele yake, na kesho nitamwambia kwamba Mama atafurahi akiniona, aamini sijajua, ili naye apate pa kupumzikia.

Lakini Mama, picha uliyoniagiza nimeipata leo. Imo kwenye kamera, kanisa lote, mpaka misalaba. Nikifika nimpe nani?