Kikombe cha Wifi

Jumatatu, 6 Mei

…basi, jirani alikuja kuomba chumvi akakaa mpaka chai ikaisha. Nilikuwa nasema habari za wifi, mke wa kaka. Keki yake ya majaribio imetoka tofali. Ya tatu hii! Na harusi ya binti yake ni Jumamosi, kaapa keki ataoka mwenyewe, hataki ya kununua. Nilimpa maelezo yangu yote: unga vikombe vitatu, sukari kimoja na nusu, mayai manne. Hata vikombe vyetu ni pacha, tulinunua pamoja. Leo kanikazia macho mbele ya watu: ati kuna kitu nimemficha. Mimi! Mdomo wangu huu usio na kitasa! Nikacheka. Hakucheka.

Jumatano, 8 Mei

Wifi hapokei simu. Mshona nguo kaninong'oneza: wifi anasema nataka aaibike ili niitwe mimi nioke. Uongo mtupu! (Ningeitwa, ningeenda.)

Ila moyo umeniuma. Nikaenda kumlilia mwokaji mikate pale kona. Akasema acha kelele, lete kikombe. Akakiweka juu ya mizani yake ya betri, akabonyeza isomeke sifuri. Maji: gramu mia mbili hamsini. Akamwaga, akakausha, akatia unga — mia na ishirini na tano. Nusu! Nikamwambia mizani yako inaumwa. Akatia sukari: mia mbili. Kikombe kilekile! Kimejaa vilevile!

Nikakigeuza kikombe, nikachungulia chini yake. Mwokaji mwenyewe akaniuliza kama naumwa. Umri wote huu nachota nikijua kikombe ni kikombe. Kumbe unga umejaa hewa, umetuna tu, kama mtu wa maringo. Nimefika nyumbani nikashika chumvi mkono huu, majani ya chai mkono huu. Nimesimama tu jikoni, natazama mikono yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Mwokaji kaniazima mizani. Wifi kafungua mlango nusu: "Umekuja kunipima akili?" Nikamwambia, wifi yangu, chota tu unga kama siku zote.

Akachota. Akagonga kikombe mezani, ko ko ko. Unga ukashuka, akaongeza. Akagonga tena, akashindilia na kiganja! Vilevile tunavyofanya dukani muuzaji asitupunje. Mizani ikasema mia na sitini. Nikachota mimi, kwa kijiko, polepole, nikasawazisha na kisu: mia na ishirini na tano.

Looo! Unga mmoja, vikombe pacha — mkono nao una uzito! Kwa vikombe vitatu, wifi kazidisha karibu kikombe kizima.

Akakaa kwenye ndoo. "Miaka yote nawabana wenye duka. Kumbe nimejibana mwenyewe." Tukacheka mpaka kaka akachungulia. Kisha wifi akasema, taratibu, "Nilikusema vibaya, wifi." Nikamwambia najua, mshona nguo ana mdomo kama wangu.

Sasa keki iko kwenye oveni, kila kitu tumepima kwa gramu. Naandika hapa barazani. Harufu hiyo! Kwenye kioo cha oveni nimeiona imenyanyuka, lakini ile ya pili nayo ilinyanyuka, ikabonyea. Nywele zimenisimama, kwa unga tu, Mungu wangu, kwa —

Wifi anaita. "Wifi! Njoo uichome kijiti wewe tuone kama imeiva, mimi siwezi hata kuitazama!" Nakwenda.