Dawa Uliyoikataza

Kalemie, 9 Machi 1978

Yaya Omer, kaka yangu mukubwa huko Kabalo,

Mvua imebomoa jiko letu, lakini watoto ni wazima.

Barua yako ya pili inauliza ni nani alimuua Mama. Ile ya kwanza ilisema, "Musikubali morfini, itamumaliza." Wewe ni mukubwa, nikatii. Mama akalia na maumivu ya kansa siku kumi na moja.

Sista Denise wa dispansari akaniambia, "Adrienne, ugonjwa njo unaua. Dawa hii inatuliza maumivu tu."

Nikakubali. Mama akalala, akaamuka, akaomba ndizi, akacheka na wajukuu. Akaishi hivyo siku tano, akafa ametulia.

Zile kumi na moja tulimutesa sisi wawili, Yaya. Mimi nimeungama kwa padri. Wewe unatafuta muuaji.

Matanga ni Jumamosi. Usije.

Mudogo wako,
Adrienne