Wazee Walio Kwenye Visanduku

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Sikitu mdogo wangu, unapomsomea Mama barua hii soma polepole, na ukifika mahali pa kutisha usiruke. Mama, miguu inaendeleaje na baridi ya huko? Na huko kijiji kipya mlikohamishiwa, maji mmesogezewa au bado mnateremka bondeni? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umeshtuka, na tangu Jumapili haujatulia.

Nilikwisha kukueleza kwamba mji huu nilikoletwa kujifunza ng'ombe wa maziwa hauzidi Nyololo yetu kwa ukubwa. Kwa serikali ni Wafaransa, lakini wazee wao ukiwaita hivyo wananuna. Wao ni Wabretoni, wana lugha yao, bibi zao huvaa kofia nyeupe za lesi, na zizini wanaingia na viatu vya mti. Chakula chao ni chapati nyembamba kama karatasi. Nilikuwa nimeanza kuwazoea.

Jumapili baada ya misa, Bibi Mari, mama wa mwenye shamba ninakokaa, alinishika mkono akasema, "Njoo nikuonyeshe mzee wetu." Nikadhani tunakwenda kumwona mgonjwa. Akaniingiza kwenye kijumba cha mawe ubavuni mwa kanisa. Ndani, kwenye rafu, vimepangwa visanduku vya mbao vyenye mapaa madogo kama vibanda vya njiwa, kila kimoja kina tundu mbele. Nikachungulia. Mama, lilikuwa fuvu la mtu. Juu ya tundu wameandika kwa rangi: hiki ni kichwa cha Yann, mkulima wa hapa.

Nilirudi nyuma hatua mbili. Nilikumbuka Baba alivyotupeleka Kalenga kutazama kichwa cha mtwa wetu, chifu wa zamani, kile Wajerumani walichokwenda nacho kwao hadi kikarudishwa. Tangu siku ile nilijua kwamba anayekiweka kichwa cha mtu kwenye sanduku ni adui yake. Hawa wamewekwa na wajukuu zao.

Nilipomwuliza Bibi Mari sababu, alinijibu kama mtu anayeelezea kukamua. "Uwanja wa kanisa ni mdogo, na kila mtu alitaka kulala hapa. Ukishakaa miaka yako kaburini, walikutoa umpishe mwingine. Waliompenda mtu wao hawakukubali kichwa chake kichanganywe na mifupa ya watu." Yann alikuwa babu wa bibi yake. Mila yenyewe imekwisha siku nyingi, na padre wa sasa anaionea haya. Kisha Bibi Mari akafuta vumbi kwa aproni, akainama kwenye tundu, akazungumza Kibretoni kwa muda mrefu. Nikamwuliza amemwambia nini.

"Habari za nyumbani," akasema. "Kwamba ng'ombe mwekundu amezaa mapacha, na kwamba tuna mgeni kutoka Afrika."

Hapo niliona aibu, Mama. Mlipohamishwa uliniuliza mimi, mwanao mkubwa, kama mumfukue Baba mkamzike karibu na nyumba mpya. Nilikujibu kwa ukali. Nilisema huo ni ushamba, marehemu aachwe apumzike. Wewe ukatii. Sikitu ndiye aliyeniandikia kwamba unatembea peke yako tangu alfajiri kwenda kule kwenye mahame yetu kutambika, na kwamba majani yamelifunika kaburi.

Ichaneni barua ile. Mchukueni Baba. Baba Mdogo ashike jembe la kwanza kwa niaba yangu, na kabla hajachimba amweleze kaka yake kwamba ndivyo nilivyosema. Msinisubiri, maana mafunzo bado yana mwaka mzima.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, bibi yetu mzaa baba, na shemeji yangu wa Iyunga akija kuwatazama. Salamu pia kwa Sikitu, msomaji wetu, na asiongeze maneno yake.

Jambo moja nimeliacha mwisho kwa kuwa ni gumu kuliandika. Sikukataa kwa sababu ya ushamba. Baba alipofariki nilikuwa chuoni Mbeya, nikafika mmekwisha kumfukia. Niliposoma kwamba mnataka kumhamisha, niliona nitakosa kumzika mara ya pili, na hilo lilinishinda.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Festo